Alizika Vidole Vyake, Akaambiwa Ameacha Kazi

Saa moja kasorobo asubuhi. Ukungu wa Njoro bado umelala juu ya magogo ya podo, na msumeno mkubwa wa kiwanda umeanza kupiga kelele yake ya kwanza ya siku. Zakaria Khaemba hayuko kwenye msumeno. Yuko nyuma, kwenye lundo la unga wa mbao, anachota kwa sepetu na kujaza toroli.

Sepetu hiyo haishikwi kwa vidole. Imefungwa kwenye mkono wake wa kulia, chini ya kiwiko, kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Kidole gumba, ambacho ndicho pekee kilichobaki upande huo, kinaiongoza kama mtu anayemwelekeza ng'ombe. Mgeni akiitazama kwa mbali hudhani ni ujanja wa kuongeza nguvu. Akikaribia, anageuza uso.

"Usigeuze uso, bwana," Khaemba asema na kucheka. "Mimi nimezoea. Wageni ndio wanaumia."

Ana umri wa miaka thelathini na minne. Alikuja Njoro kutoka upande wa Bungoma miaka sita iliyopita, akafanya kazi ya kusukuma mbao kwenye msumeno wa duara. Alikuwa akipata shilingi thelathini na nane kwa tikiti moja, yaani kadi ya siku thelathini za kazi, pamoja na posho. Sasa anapata kumi na tisa. Jina la kiwanda hatulitaji, maana shauri bado liko mezani.

Shauri lenyewe ni hili: je, Khaemba aliumia kazini au hakuumia? Msomaji atasema, lakini hilo si swali, vidole viliondoka! Ndivyo tulivyosema sisi pia. Tulikuwa hatujaona karatasi.

Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa pili mwaka huu wa 1951. Kwenye meza ya msumeno kuna fimbo ya kusukumia ubao, lakini hakuna anayeitumia. Fimbo inachelewesha, na mbao za siku zina idadi yake. Asiyefikisha idadi, siku yake haipigwi alama kwenye tikiti. Basi watu wote husukuma kwa mkono.

"Ubao ulikuwa na fundo ndani," Khaemba asimulia. "Ukashika, ukaruka. Uchungu sikusikia, nilisikia baridi. Halafu nikaona vidole vyangu viko upande ule wa meza, na mimi niko upande huu."

Nyapara wa meza hiyo, Gachanja, alizima injini. Alimfunga mkono kwa gunia. Kisha, jambo ambalo watu wa pale wanalieleza kwa sauti ya chini mpaka leo, alipiga magoti kwenye unga wa mbao akaanza kutafuta. Alivipata vyote vinne, kimoja kimoja, akavipanguza kwa shati lake.

Gari la kwenda Nakuru lilikuwepo. Lilikuwa lori la mbao, na lilikuwa nusu. Lilingoja lijae.

Tulimuuliza Khaemba mara mbili, tukidhani tumesikia vibaya. Alijibu vilevile mara zote mbili. "Walipakia kwanza. Dereva alinionea huruma, alinipa sigara. Lakini mbao zilikuwa za kuwahi treni."

Mkewe, Naliaka, alikuwa akipanda maharagwe kwenye kishamba chao karibu na laini wanamokaa wafanyakazi. Alimwona Gachanja akija amebeba kitu kwenye jani la mgomba, na mkono wa pili ameshika pakiti ya chumvi.

"Alisimama mbele yangu," Naliaka asema. "Aliweka jani chini, akaweka chumvi kando. Nikamuuliza, Baba Wachuka, hii ni nini? Akasema, ni bwana yako. Nikadhani amekufa amebaki hivyo tu. Nilipiga nduru mpaka majirani wakaacha sufuria jikoni zikaungua."

Chumvi ilitoka nyumbani kwa Gachanja mwenyewe. Yeye ni mtu wa Kiambu, na kwao mtu hashiki kiungo cha mwenzake namna hiyo. Lakini amesimamia watu wa Bungoma miaka mingi, anajua mambo yao. Kwa kina Khaemba, kiungo cha mtu hakiachwi ugenini. Kinarudishwa nyumbani, kinazikwa nyuma ya nyumba ya baba, na mwenyewe lazima awepo.

"Mtu hazikwi nchi mbili," Khaemba aeleza. "Ndivyo baba yangu mdogo alivyotuma neno. Alisema, kidonda kisifunge kabla ya vidole kulala. Kikifunga kwanza, vidole vitaita mkono uliobaki."

Naliaka alivipanga kwenye mkebe wa majani chai, chumvi chini, chumvi juu. Akangoja siku tisa.

Siku ya sita, Jumapili, Gachanja alipanda gari mpaka hospitalini Nakuru na ndizi mkononi. Hapo ndipo neno lenye thamani kuliko yote liliposemwa, na waliolisikia ni wawili tu. Khaemba alisema, nikitoka hapa naenda nyumbani kuzika, nikirudi naingia kazini. Gachanja akajibu, nenda.

Siku ya tisa Khaemba alitoka hospitalini, akamkuta Naliaka langoni na mkebe. Hawakurudi Njoro. Walikwenda stesheni wakakata tikiti za daraja la tatu.

"Treni ilijaa," Khaemba asema. "Mama mmoja aliyekaa mbele yangu na kuku zake aliona vile nimeukumbatia mkebe. Akaniuliza, ndugu, umebeba sukari? Nikamwambia, hapana mama, ni mimi. Akacheka sana. Baadaye akaona bandeji. Alihama na kuku zake zote."

Mazishi hayakuchukua muda. Baba mdogo alichimba kwa panga shimo la kina cha mkono, hakuna aliyelia, watu wakanywa chai. Khaemba alikaa kwao mpaka kidonda kikakauka. Siku ishirini na tatu baada ya kutoka hospitalini, alisimama tena mbele ya dirisha la karani wa kiwanda.

Karani alimwambia tikiti yake imefutwa. Kitabu kilisema: *ameacha kazi kwa hiari yake.* Lakini kuna kazi ya kuzoa unga wa mbao, kama anataka. Akaandika tikiti mpya, akaisukuma dirishani pamoja na kidau cha wino. Khaemba hajui kusoma. Alitia dole gumba la kushoto.

"Nilifurahi," asema. "Nilifikiri ni karatasi ya kurudi. Nilimwambia karani asante, bwana. Nilimwambia Mungu akubariki."

Miezi miwili ilipita kabla ya mtu kumsomea karatasi hiyo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali Nakuru, akingoja kidonda kitazamwe, na mfanyakazi mmoja wa reli akamuuliza kama ameshakwenda Ofisi ya Kazi kudai fidia. Khaemba hakuwa amesikia neno hilo. Akaelekezwa njia.

Ofisini alipokewa na karani Nicodemus Owino, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni. Owino aliichukua tikiti, akaisoma, akaisoma tena.

"Ndugu, ulifika kiwandani mwezi gani?" akauliza.

"Miaka sita sasa."

"Hapa pameandikwa mwezi wa tatu mwaka huu. Mtu mpya. Kasoro: hana vidole vinne vya mkono wa kulia."

Khaemba anasema alikaa sakafuni, ingawa kiti kilikuwepo. Na nani asingekaa? Kwa maandishi, mtu huyu alitokea tu kusikojulikana, vidole hana, akaomba kazi. Miaka sita ya kusukuma mbao haipo. Msumeno haupo. Na alama ya dole iliyo chini ni yake mwenyewe.

"Lakini hospitali wanajua!" alimwambia Owino. Kweli, hospitali ina kadi. Ina jina lake na tarehe. Owino aliitafuta akaipata. Kadi inasema kidonda, haisemi msumeno.

Tulimwomba Owino atueleze jinsi madai ya namna hii yanavyopimwa, kwa maneno ya mtu wa kawaida. Alifunga faili aliyokuwa akiisoma.

"Watu wakija hapa wananionyesha kidonda," alisema. "Mimi siwezi kuanza na kidonda. Naanza na mdomo. Ulimwambia nani? Tajiri au nyapara wake? Na ulimwambia kabla hujaondoka kazini kwa hiari yako? Ukiondoka kimya, mlango umejifunga. Tena kuna kalenda. Miezi sita ikipita hujaleta madai, hata uje bila kichwa, sina fomu yako."

"Lazima iwe kwa barua?"

"Kwa mdomo inatosha. Ndiyo sababu namuuliza huyu ndugu kila akija: nani alikusikia?"

Mlango ukishafunguka ndipo daktari anapima. Owino alitoa orodha, akaitandaza mezani. Afadhali asingetuonyesha. Mwili wa binadamu umeandikwa humo kama ng'ombe kwa mchinjaji. Jicho moja, hesabu yake. Mkono kwenye kiwiko, hesabu yake. Mkono chini ya kiwiko, pungufu kidogo. Kila kidole na pingili zake, na kidole kidogo kina hesabu ndogo kuliko vyote. Owino aliiona sura yetu.

"Msishangae," alisema. "Ubaya si orodha. Afadhali kuwe na orodha. Ubaya ni kwamba imetundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kila kiwanda, kwa Kiingereza, nyuma ya mlango unaobaki wazi mchana kutwa."

Tulirudi Njoro tukachungulia nyuma ya mlango huo. Ilikuwepo, na buibui juu yake.

Sasa basi, kila kitu kikawa kimemwangukia mtu mmoja. Gachanja ndiye nyapara aliyeona msumeno ukikata, na yeye peke yake ndiye aliyesikia neno la kuzika. Afisa wa Kazi alipanga kuwasikiliza Ijumaa ya pili ya mwezi wa sita. Nyapara akija, mlango utafunguka. Asipokuja, Khaemba ni mtu mpya aliyeajiriwa na kasoro.

Jumatano kabla ya hapo, jioni baada ya kazi, tulimkuta Gachanja akinoa shoka mbele ya nyumba yake. Ni mtu mfupi, sauti nzito, na hakupenda kuulizwa.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Injini ilikuwa inapiga kelele."

Kelele inazuia macho? Tulimuuliza hivyo. Akaendelea kunoa.

"Nina watoto saba. Tikiti yangu inakwisha Jumatatu. Ofisini wameniambia, Gachanja, wewe ni mtu wetu. Hilo neno unalijua? Mzungu akikwambia wewe ni mtu wetu, jua kuna kitu hutakiwi kusema."

Naliaka alikuwa amefika nyuma yetu na kikapu cha mboga. Hakusalimu.

"Baba Wachuka, ile pakiti ya chumvi nimekuja kulipa," alisema, akatoa pakiti mpya akaiweka juu ya kinoo. "Nisiwe na deni la mtu ambaye hakuona kitu."

"Ondoa chumvi yako, mama."

"Si yangu, ni yako. Ile nyingine uliyonipa siku ile labda ilitembea yenyewe kwa miguu."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Gachanja hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango, na pakiti ikabaki pale juu ya kinoo.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Khaemba na Naliaka walikuwa kwenye benchi la Ofisi ya Kazi Nakuru. Karani wa kiwanda alikuwepo pia, tai shingoni, kitabu kwapani. Saa tatu na nusu Gachanja hakuwepo. Saa nne hakuwepo. Owino alitoka mara mbili akatazama barabara. Mara ya tatu hakutoka.

Karani wa kiwanda alisomewa madai, akajibu kwa upole sana. Hakuna aliyekataa kwamba mtu huyu hana vidole, alisema. Kiwanda kinamwonea huruma, ndiyo maana kilimpa kazi. Lakini kitabu hakina taarifa ya ajali, na mtu aliondoka bila kuaga. Pengine aliumia huko kwao.

"Huko kwao!" Naliaka alisema, akaambiwa anyamaze.

Afisa, Mzungu mwenye nywele nyeupe ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko tulivyotarajia, alishika kalamu kuandika. Hapo mlango ukagongwa. Gachanja aliingia amevaa koti la kanisani, viatu vimejaa vumbi. Lori la kiwanda lilikuwa limekataa kumchukua. Alikuwa ametembea kutoka Njoro.

Afisa alimuuliza kama aliona. Aliona. Alimuuliza kama mtu huyu alimwambia anaacha kazi.

"Hapana, bwana. Aliniambia anakwenda kuzika."

"Kuzika nani?"

"Vidole, bwana."

Afisa alimtazama Owino, kama mtu anayetaka kutafsiriwa Kiswahili ambacho amekielewa. Owino alitikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, alisikia sawasawa.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilimwambia nenda. Mimi ni nyapara, nina ruhusa ya kumwambia mtu nenda." Gachanja alikitazama kitabu cha karani. "Bwana, kiwandani kwetu mtu akifiwa na baba anapewa siku saba, na kitabu hakisemi ameacha kazi. Huyu hakufiwa na baba. Alifiwa na mkono wake. Sasa mtu anayekwenda kuzika anaitwaje mtoro?"

Karani wa kiwanda alifungua kitabu chake, akakifunga. Afisa aliandika muda mrefu. Mwisho akasema taarifa kwa nyapara ni taarifa kwa tajiri, na mtu aliyepewa ruhusa ya kuzika hakuacha kazi. Madai yamepokewa. Daktari atapima mwezi ujao, na kiwanda kikikataa, hakimu atasikiliza.

Khaemba alibaki amesimama kama hakusikia, mpaka Owino akarudia polepole, neno kwa neno.

Tungependa kuishia hapo. Lakini Afisa alikuwa akimtazama Gachanja, ambaye alikuwa amepokea kalamu ili aandike jina lake. Aliishika kwa namna isiyo ya kawaida, katikati ya vidole viwili vya kati.

"Na wewe, dole gumba limekwenda wapi?"

"Meza ileile, bwana."

"Lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja."

"Ulileta madai?"

"Sikujua kidole ni kitu cha kudai."

Owino alihesabu kwa midomo, tukamwona akifika miezi saba. Mwisho wa kudai ni sita. Gachanja alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akaelewa mwenyewe, na akafanya kitu ambacho hatukukitegemea. Alicheka.

"Kwa hiyo changu kimeoza," alisema.

"Mko wangapi huko?" Afisa aliuliza.

Khaemba ndiye aliyejibu. Katika watu ishirini na wawili wa meza za msumeno, kumi na mmoja wamepungukiwa na kitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia ofisi hii. Kalamu ya Afisa ilikaa hewani, wino ukadondoka kwenye karatasi safi.

Tunapoandika haya, tikiti ya Gachanja imekwisha na nyingine haijafunguliwa. Ameambiwa angoje. Khaemba amempelekea nusu ya posho yake, na hataki hilo liandikwe gazetini. Tumeliandika.

Fidia ikitoka, Khaemba anataka kununua ng'ombe mmoja wa maziwa, maana kukamua amekwisha jifunza kwa mkono wa kushoto. Lakini mpango huo ni wa baadaye. Jumapili hii ana mpango mwingine. Atapita nyumba kwa nyumba kwenye laini awaulize wale wengine waliumia lini, awachukue wale ambao miezi yao haijaisha, aende nao Nakuru Jumatatu. Anaamini wapo watatu, labda wanne. Mmoja ana wiki mbili tu zilizobaki, kama hesabu ni sawa.

Tatizo ni hiyo hesabu. Hakuna aliyeandika tarehe. Ukimuuliza mwanamume, atakwambia ilikuwa wakati wa mvua ya mawe, au tikiti ile ya kabla ya Krismasi.

"Wewe unauliza watu wasiojua," Naliaka alimkatiza mumewe tukiwa tunaagana. Alikuwa ameshajifunga kitenge kiunoni kama anayekwenda kazini. "Jumapili tunakwenda wote wawili. Wewe ongea na wanaume. Mimi nitawauliza wake zao. Tarehe wanazijua wao, ndio waliofua damu."